Chambo Kikubwa, Samaki Mkubwa?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni katika kipindi cha kila wiki. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)



Mvuvi wa mshipi hufanya uamuzi wake mkubwa kabla hajalowesha hata kidole. Anapofungua kikopo chake cha ndoana, akachukua moja na kuziacha nyingine, tayari ameshaamua atamvua nani na atamwacha nani. Mwezi, upepo na bahati huja baadaye. Wengi wetu tunaokaa mijini hatulijui jambo hili, kwa sababu samaki hutufikia akiwa amelala juu ya meza ya muuzaji, na sisi tunauliza bei tu. Leo nataka tuzungumze juu ya ukubwa wa chambo. Najua utasema kwamba hayo ni mambo ya wavuvi, wewe yanakuhusu nini? Subiri kidogo. Kabla sijamaliza utaona kwamba na wewe umo.

Swali lenyewe nililiokota Bulwa. Kwa wasiopafahamu, Bulwa ipo katika milima ya Usambara Mashariki, upande wa Amani, wilaya ya Muheza. Ni nchi ya chai, msitu na ukungu. Amani ndiko Wajerumani walikojenga kituo chao cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na ndiko ilikotangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 1997. Vijito vingi vya upande huo hukusanyika vikawa mto Zigi, na Zigi hushuka taratibu hadi bwawa la Mabayani, linalowapa maji wakazi wa jiji la Tanga. Kwa hiyo mtu wa Tanga anapofungua bomba asubuhi, anachota mvua iliyonyesha juu ya majani ya chai ya huko milimani.

Basi huko Bulwa niliwakuta watoto wawili wakivua katika kijito kilicho chini ya mashamba ya chai, mtu na mdogo wake. Yule mdogo alikuwa na kijiti, uzi wa nailoni, ndoana ndogo kama ukucha wa paka, na nyungunyungu ndani ya kopo la maziwa. Kaka yake alikuwa na kitu cha kifahari zaidi: chambo bandia cha plastiki, chenye umbo la samaki, rangi ya fedha ubavuni na nyekundu shingoni, kirefu kama kiganja cha mtu mzima, kikining'inia ndoana mbili za meno matatu matatu. Alisema aliletewa na ndugu yao anayefanya kazi Tanga. Kwa muda niliokaa pale, mdogo alitoa visamaki saba, kila kimoja kama kidole. Mkubwa alitupa, akavuta, akatupa tena, akavuta tena, asiguswe na chochote isipokuwa majani.

"Shikamoo, mjomba," aliniamkia. Nilipoitikia, akauliza moja kwa moja: "Eti si kweli kwamba chambo kikiwa kikubwa, samaki naye anakuwa mkubwa?"

Kabla sijafungua mdomo, mdogo wake akadakia: "Kaka anamvua samaki ambaye hajazaliwa!"

Wote tulicheka, isipokuwa mwenye chambo. Naye alikuwa na sababu ya kutocheka. Vile visamaki saba vya mdogo wake ndivyo vilivyokuwa kitoweo cha nyumba nzima jioni ile, na yeye, kaka mtu, alikuwa akirudi mikono mitupu kwa siku ya tatu mfululizo. Aliniambia kwamba bibi yao ameanza kumuuliza kama anakwenda mtoni kuvua au kuogelea. Nilimwahidi kwamba swali lake nitalijibu hapa redioni, kwa sababu bibi ana redio na mjadala huu ni wa nyumba nzima.

Naam. Kijana wangu wa Bulwa, jibu la kwanza ni kwamba hukukosea. Kanuni unayoitaja ipo, na ina sababu zake.

Samaki wala-samaki hawatafuni kama sisi. Wengi wao humeza kitu kizima kizima. Kwa hiyo mpaka wa chakula chao ni upana wa kinywa. Samaki mdogo hawezi kumeza kinachozidi kinywa chake, hata kama ana njaa namna gani. Samaki mwenye mdomo mpana anaweza kumeza mwenzake mwenye urefu wa theluthi moja ya mwili wake, na wakati mwingine zaidi ya hapo. Ukitupa chambo kikubwa, basi, unaweka mlango ambao wadogo hawaupiti. Hiyo ni sababu ya kwanza.

Sababu ya pili ni hesabu ya nguvu. Samaki mkubwa ana mwili wa kuulisha, na kila anapotoka mafichoni kukimbiza kitu anatumia nguvu. Hebu nikuulize wewe wa mjini: utapanda daladala mbili kwenda sokoni na mbili kurudi kwa ajili ya kitunguu kimoja? Hutafanya hivyo. Utangoja hadi orodha iwe ndefu. Samaki mkubwa naye hapendi kulipa nauli kwa ajili ya kitunguu kimoja. Akiona mlo mmoja wa kushiba unapita mbele yake, hapo ndipo anapoona safari inalipa.

Watu waliokaa wakapima jambo hili, wakavua kwa vyambo vya ukubwa mbalimbali na kupima urefu wa kila samaki aliyetoka, wameona kwamba kweli, kwa wastani, vyambo vikubwa huleta samaki wakubwa zaidi. Lakini, ndugu msikilizaji, neno "kwa wastani" ni neno la kuangaliwa sana. Watu hao hao wameona kwamba samaki mdogo mwenye tamaa hukirukia chambo kinachokaribia kumlingana, na kwamba samaki mkubwa hunaswa kila siku kwa chambo kidogo. Chambo kikubwa hakimwiti samaki mkubwa kutoka mahali asipokuwapo. Kinachofanya ni kupunguza wadogo, na kwa hiyo kinamtaka mvuvi awe na subira ya kuvua wachache.

Na hapa tunafika kwenye "lakini" zenyewe. Ziko nne.

Lakini ya kwanza: mwili mkubwa si mdomo mkubwa. Mchukue perege, au nduguye sato wa ziwani. Anaweza kunenepa hadi akajaza sinia, lakini mdomo wake unabaki mdogo, kwa sababu chakula chake ni mwani, wadudu na makombo laini. Ukimtupia perege wa kilo nzima chambo cha kiganja, atakikwepa kama mtu anayepishana na lori. Mvue kwa ndoana ndogo na nyungunyungu au donge la ugali. Kambale, kwa upande wake, ana mdomo mpana kama mfuko, naye hachagui sana. Kwa hiyo kabla hujauliza samaki ana ukubwa gani, uliza ana mdomo gani.

Lakini ya pili: samaki hula kile kilichopo. Hapa nakuomba unifuate hadi Kenya, kwenye ziwa Naivasha, kwa sababu kisa chake kinafundisha. Mwaka 1929 aliletwa huko samaki kutoka Marekani ambaye Waingereza walipenda kumvua kwa mchezo, samaki aitwaye besi, mwenye mdomo mpana kupita kiasi. Huyu besi ndiye samaki ambaye wavuvi wa mchezo duniani hubishana sana juu ya ukubwa wa chambo chake. Mwaka 1970 akaletwa ziwani humo kiumbe mwingine, kamba wa maji baridi kutoka Louisiana, mwekundu, mwenye makucha. Kamba wakazaana. Besi wakubwa wakageuza mlo wao, wakawa wanawategemea sana kamba hao. Mvuvi aliyeng'ang'ania chambo chenye umbo la samaki, hata kiwe kikubwa namna gani, alikuwa anawapelekea wali watu waliokwisha kuzoea ugali.

Huku kwetu, ziwa Victoria lilitufundisha somo hilo hilo kwa ukali zaidi. Sangara alipandikizwa katika ziwa hilo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni samaki anayeweza kufika urefu wa meta mbili na uzito wa kilo 200. Katika miaka ya 1980 aliongezeka ghafla, akawala furu hadi aina zao mamia zikapungua vibaya au kutoweka kabisa. Furu walipokwisha, sangara hakufa njaa. Aligeukia dagaa, akageukia watoto wake mwenyewe, na akageukia uduvi, vile vijidude vidogo ambavyo sisi tunavinunua kwa kibaba. Hebu fikiria: samaki mwenye kinywa cha kumeza kuku, anakula uduvi! Kwa nini? Kwa sababu uduvi walikuwapo kwa wingi, karibu na mdomo, na hapakuwa na nauli ya kulipa. Vitunguu vikiletwa mlangoni kwa kapu, hata tajiri ananunua kimoja kimoja.

Lakini ya tatu ni maji yenyewe. Maji yakiwa safi na samaki wameshazoea kuona vyambo, kitu kikubwa chenye kung'aa huwashtua, na mvuvi mwerevu hushuka kwenye chambo kidogo na uzi mwembamba. Mvua ikinyesha na mto ukageuka rangi ya chai ya maziwa, samaki haoni mbali, naye husikia mtikisiko wa maji kwa ubavu wake. Hapo chambo kikubwa kinachotikisa maji kina faida. Maji yakiwa baridi, samaki anapooza, hataki kukimbiza, na kidogo kinachokwenda polepole kinamfaa zaidi. Watu wa milimani, wenye maji ya baridi asubuhi na tope mchana, wanaweza kuhitaji vyambo viwili kwa siku moja.

Lakini ya nne ni vifaa. Chambo kikubwa kinadai ndoana kubwa, ndoana kubwa inadai mshipi mnene, na mshipi mnene unadai mkono wenye nguvu au ufito mgumu. Ukifunga ndoana kubwa kwenye uzi wa kushonea, samaki akija ataondoka na vyote. Na mnunuzi wa ndoana ajihadhari na namba zake, maana zinahesabiwa kinyume. Namba 12 ni ndogo kuliko namba 6, na namba 6 ni ndogo kuliko namba 1. Ukishaipita 1 hesabu inageuka: 1/0, 2/0, 3/0, na hapo kadiri namba inavyopanda ndivyo ndoana inavyokua. Mtu akienda dukani akasema "nipe namba kubwa, nipe 16", atarudi nyumbani na kitu cha kuvulia visamaki vya kidole.

Sasa mtu aliyebobea atasema: mwenzetu, mbona umezungumza sana, wale waliovua wakubwa kweli kweli walitumia nini? Swali zuri. Tuwaangalie wawili waliovua besi wakubwa kuliko wote walioandikwa. Wa kwanza ni George Perry, kijana mkulima wa Georgia, Marekani. Tarehe 2 Juni, 1932, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, alivua besi wa kilo 10 na kidogo. Inasimuliwa kwamba yeye na mwenzake walikuwa na chambo bandia kimoja tu, wakipokezana. Chambo hicho kilikuwa na umbo la samaki mdogo, na urefu wake haukuzidi kiganja. Na yule samaki, mfalme wa besi wote, hakuwekwa ukutani. Alipimwa, akapelekwa nyumbani, akaliwa, kwa sababu nyumba ilihitaji kitoweo.

Wa pili ni Manabu Kurita wa Japani. Tarehe 2 Julai, 2009, miaka 77 baadaye, katika ziwa Biwa, alivua besi aliyemzidi yule wa Perry kwa gramu zisizofika 30. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo kuliko inavyotakiwa na wanaotunza rekodi, kwa hiyo majina yao mawili yakaandikwa pamoja. Kurita alitumia samaki hai kama chambo. Unaona? Mmoja alitumia chambo bandia cha kawaida, mwingine samaki hai. Jambo walilofanana ni kwamba kila mmoja alivua katika maji yenye besi mkubwa, kwa kitu kinachofanana na chakula ambacho besi huyo amekizoea.

Wavuvi wa sangara huko Mwanza, Mara na Kagera wanalijua hilo bila kuambiwa na Mmarekani wala Mjapani. Katika mishipi yao mirefu yenye ndoana nyingi, wanapenda kutundika kambale mdogo aliye hai. Kambale hafi upesi akiwa kwenye ndoana. Anaendelea kujipinda usiku kucha, na sangara husikia kujipinda huko kutoka mbali. Mahitaji ni makubwa kiasi kwamba wapo wafugaji wanaozalisha vifaranga vya kambale kwa ajili ya kuwauzia wavuvi. Na mvuvi anapochagua kambale wa kidole au kambale wa kiganja, anajua anachagua sangara wa namna gani.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame, ndugu msikilizaji, kwa sababu hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Ndoana ni chombo kinachochagua. Je, tuichagulie nini?

Wa haraka atajibu: kubwa, tuwaache watoto wakue. Ni jibu jema, lakini ni nusu ya jibu. Samaki jike kadiri anavyokua ndivyo mayai yake yanavyozidi, na hayazidi kwa ulinganifu wa kawaida. Jike mmoja mkubwa wa sangara anaweza kubeba mamilioni ya mayai, kuliko majike wengi wadogo wakiwekwa pamoja. Tena sangara jike huchelewa kukomaa kuliko dume. Ukimaliza mabibi wote ziwani kwa sababu ya kupenda picha na mzani, utabaki na wajukuu wasio na wa kuwazaa. Ndiyo maana nchi tatu zinazomiliki ziwa Victoria, yaani Tanzania, Kenya na Uganda, zilipokubaliana juu ya sangara, ziliweka vipimo viwili badala ya kimoja: asivuliwe aliye chini ya sentimita 50, na asivuliwe aliyezidi sentimita 85. Mtoto aachwe akue, bibi aachwe azae, avuliwe wa katikati. Utekelezaji wa vipimo hivyo umekuwa na mabishano yake mengi, lakini hekima iliyomo si ya kubishaniwa. Wafugaji wetu wa ng'ombe wanaijua siku zote: hakuna anayechinja ndama, na hakuna anayechinja ng'ombe anayemzalia kila mwaka.

Sasa linganisha ndoana na vyombo vingine. Wazee wetu waliujua utupa, ule mmea ambao majani yake yakipondwa na kutiwa katika kijito, samaki wote huelea, mkubwa kwa mdogo, wa kuliwa na asiyeliwa. Pwani ya Tanga kwa miaka mingi ilisikia mlio wa baruti, na kila mlio uliacha matumbawe yamevunjika na samaki wengi wamezama bila kuokotwa. Na katika mito na maziwa yetu chandarua, kilichotolewa kumlinda mtoto na malaria, kimeonekana kikiburutwa majini na kuzoa hata mayai. Utupa, baruti na chandarua vina tabia moja: havichagui. Havina namba 6 wala namba 12. Anayevitumia hafanyi uamuzi wowote juu ya samaki, ameamua juu ya mto mzima. Ukimweka mtu huyo upande mmoja, na upande wa pili ukamweka mtoto wa Bulwa anayekaa siku tatu akiumiza kichwa juu ya ukubwa wa chambo chake, mimi nampa heshima mtoto. Anauliza swali ambalo mto unatamani kila mtu aulize.

Kwa hiyo, kijana wangu, jibu lako kamili ni hili. Chambo chako ni kizuri, ila kipo katika maji yasiyo yake. Katika kijito kile, samaki mkubwa kuliko wote pengine ni mfupi kuliko chambo chenyewe, na hapo mdogo wako amesema kweli. Kiweke kavu, kipake mafuta ndoana zake zisile kutu, kingojee siku utakaposhuka kwenye maji mapana, mahali panaporuhusiwa kuvua, nje ya hifadhi. Kwa sasa usirudi hadi kwenye kindoana cha mdogo wako. Panda hatua moja tu juu yake. Kama yeye anatumia namba 14, wewe chukua namba 10 au 8. Kama yeye anaweka kipande cha nyungunyungu, wewe weka nyungunyungu mzima, au panzi. Tafuta pale maji yanapotulia chini ya mzizi au nyuma ya jiwe, na uvue jua linapozama. Utavua wachache kuliko yeye. Huenda jioni moja ukarudi na watatu wakati yeye ana tisa. Lakini watatu wako wakijaza chungu sawa na tisa wake, mto umebaki na sita zaidi. Ukikaa wiki nzima bila samaki kwa hatua hiyo, shuka nusu. Ukipata kila mara, panda tena. Hivyo ndivyo ukubwa wa chambo unavyotafutwa. Na bibi naye nampa ujumbe wake: mjukuu anakwenda kuvua, haogelei.

Nilisema mwanzoni kwamba na wewe wa mjini umo. Deni hilo nalilipa sasa.

Unapokwenda Feri, Dar es Salaam, au soko la Deep Sea pale Tanga, au kwa mama wa mtaani kwako mwenye karai la mafuta, wewe unashika mshipi mrefu kuliko wote. Noti iliyo mkononi mwako ndiyo chambo, na anayekiona ni mvuvi. Mwenye hoteli akisema anataka sato anayeenea sahani moja tu, asizidi wala asipungue, ujumbe huo unasafiri hadi ziwani, na mvuvi anafunga ndoana au anasuka wavu wa kumpata samaki huyo, awe amewahi kuzaa au hajawahi. Mnunuzi akichagua fungu la sangara wachanga kwa sababu bei yake ni ya chini, ameagiza fungu jingine kama hilo kwa wiki ijayo. Mvuvi hana uchawi. Anavua kile ambacho noti yako inakirukia.

Simlaumu mwenye mfuko mwepesi. Perry alikula rekodi yake, na watoto wa Bulwa wanakula visamaki vya kidole, kwa sababu njaa haingoji. Dagaa ni samaki wadogo kwa maumbile yao, wanazaana upesi, na anayewala hana kosa lolote. Ninayemsema ni yule mwenye uwezo wa kuchagua, ambaye siku zote huchagua bila kutazama. Mara nyingine ukisimama mbele ya meza ya samaki, kabla ya kuuliza bei, muulize muuzaji swali moja: huyu alikuwa ameshakua, au ni mtoto? Kama hajui, mwambie wiki ijayo utauliza tena. Wauzaji wakiulizwa swali hilo na wateja kumi kwa siku, halitakaa sokoni. Litapanda basi la usiku na kufika ziwani kabla ya mvuvi hajafungua kikopo chake cha ndoana.

Mpenzi msikilizaji, kwa leo naishia hapo. Tukutane tena juma lijalo, wakati kama huu.